Anayetapisha choo na daktari: nadharia ya uamilifu inatuambia nini kuhusu matabaka?

Mleta uzi

Wanajamvi, salaam.

Wiki iliyopita mdogo wangu, yuko mwaka wa kwanza anasoma sosholojia, alinipigia simu na swali la semina: kwa mujibu wa wanauamilifu, kwa nini kila jamii ina matabaka? Somo hilo nililisoma zamani, nikadhani limeshanitoka kichwani. Nilipoanza kumweleza nikagundua bado ninalo lote, ila sijawahi kukubaliana nalo, na sijawahi kukaa nikasema kwa nini. Uzi ni mrefu, tuvumiliane.

Niieleze kwanza nadharia kwa haki yake. Wanauamilifu wanaitazama jamii kama mwili. Moyo una kazi yake, figo ina kazi yake. Ukikuta jambo limedumu kila mahali, kabla ya kulilaani uliza linafanya kazi gani. Mwaka 1945 Wamarekani wawili, Kingsley Davis na Wilbert Moore, wote wakiwa Chuo Kikuu cha Princeton, walichapisha makala fupi isiyofika kurasa kumi kwenye jarida la American Sociological Review. Makala hiyo imesomeshwa na kugombewa mpaka leo.

Wanasema hivi. Kila jamii ina nafasi ambazo lazima zijazwe. Nafasi hazilingani: zipo zenye uzito zaidi kwa uhai wa jamii, na zipo zinazotaka kipaji au mafunzo marefu ambayo wachache wanayo. Sasa mwenye kipaji utamvutaje aache kuchuma leo, asome miaka, kisha abebe jukumu zito? Unamwekea malipo: riziki na raha, burudani, na heshima. Malipo yakishapishana kati ya nafasi na nafasi, matabaka hayo hapo. Kwa hiyo, wanasema, kutolingana kwa watu ni chombo ambacho jamii imejiundia bila kujitambua, ili nafasi zilizo muhimu kabisa zishikwe na wanaozifaa kabisa.

Inaingia akilini, tusikatae. Mzazi anayemwambia mwanawe "soma, usije ukapata taabu kama mimi" anasema maneno ya Davis na Moore bila kuwajua.

Kilichonikwaza mimi ni kopo.

Nilikulia nyumba ya kupanga Manzese, vyumba vinane, choo kimoja cha shimo uani. Masika moja choo kikajaa. Gari la majitaka halipiti kwenye vichochoro vyetu, na hata lingepita mwenye nyumba asingelilipia. Wakaitwa watapishaji, wale ambao Dar tunawaita vyura. Walikuja wawili, saa saba usiku. Wakachimba shimo pembeni, wakamwaga mafuta ya taa chooni kupunguza harufu, mmoja akavua shati akashuka na ndoo. Nilikuwa na miaka 11, nachungulia dirishani. Alikuwa ndani mpaka kiunoni. Mwenzake anapokea ndoo, anamwaga shimo la pili, anarudisha. Hawakusemeshana kabisa, ndoo tu inapanda na kushuka. Alfajiri walipokwisha kufukia, aliyeshuka akanawa bombani na kuomba maji ya kunywa. Nyumba nzima ina vikombe. Akaletewa maji kwenye kopo la chooni. Akanywa, akashukuru, akarudisha kopo. Kopo likatupwa jalalani akiwa bado anaangalia.

Miaka mingi baadaye, Agosti 2015, kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam, nilimkumbuka mtu yule. Kinyesi kikichanganyika na maji ya kunywa, watu wanakufa ndani ya siku chache. Yeye ni sehemu ya ukuta unaotenganisha vitu hivyo viwili. Kama malipo na heshima vinafuata umuhimu wa kazi kwa uhai wa jamii, kopo lile lilitoka wapi?

Karibuni.

Dkt wa Wilaya

Mleta uzi, nimeisoma habari ya kopo mara mbili na imeniuma. Ila nadharia hujaimaliza, naomba niitetee, kwa sababu inazungumzia maisha yangu.

Davis na Moore hawakusema malipo yanafuata umuhimu peke yake. Walisema mambo mawili yakutane: umuhimu na uhaba. Waliandika wazi kabisa kwamba nafasi inaweza kuwa muhimu lakini ikajazwa kwa urahisi, na hiyo haihitaji malipo makubwa. Kutapisha ni kazi muhimu, hakuna ubishi, lakini mtu mwenye nguvu na uthubutu anaweza kuianza usiku wa leo. Mimi nilisoma udaktari miaka mitano, nikafanya mwaka mmoja wa mazoezi kazini, jumla sita, baada ya kidato cha sita. Wenzangu wa mtaani wakati huo walikuwa na maduka na watoto. Niliporudi nyumbani na begi la vitabu, rafiki yangu alikuwa ananilipia nauli ya daladala.

Sasa niambieni: siku mshahara wangu ukiwa sawa na wa mtu ambaye hakusoma hata siku moja baada ya darasa la saba, nani ataamka saa tisa usiku kufungua tumbo la mama aliyepasukiwa kizazi? Baadhi yetu tutaamka kwa wito. Je, tutatosha?

Mleta uzi

Daktari, asante. Na uko sahihi, umuhimu na uhaba vinakwenda pamoja katika makala yao. Wengi wanaoipinga wanaruka sentensi hiyo.

Lakini tazama kinachotokea ukiikubali. Kama kazi muhimu inaweza kulipwa kidogo kwa kuwa watu wa kuifanya ni wengi, basi umuhimu haufanyi kazi yoyote tena katika maelezo. Uhaba ndio unaolipwa. Na uhaba una historia: kuna mtu ameshika mlango.

Hapa ndipo alipoingia mwanasosholojia Melvin Tumin mwaka 1953, katika jarida lilelile, na yeye pia akiwa Princeton. Davis alikuwa amekwisha kuhama chuo, Moore alikuwa bado yupo. Yaani mtu wa idara hiyohiyo anaandika hadharani kwamba hoja ya mwenzake haisimami. Ndio usomi ninaoupenda.

Tumin aliuliza umuhimu unapimwa kwa mizani gani. Ukisema meneja ni muhimu kwa kuwa analipwa zaidi, halafu ukasema analipwa zaidi kwa kuwa ni muhimu, umezunguka nyumba ukarudi mlangoni. Akatoa mfano wa kiwanda: ondoa wahandisi, uzalishaji unasimama, ondoa vibarua wasio na ujuzi, uzalishaji unasimama vilevile. Kinachotofautiana ni nani ni rahisi kumbadilisha, na hilo linategemea nani ana nguvu ya kujadiliana.

Hoja yake kubwa kwangu ni nyingine, nayo inageuza nadharia juu chini. Davis na Moore wanasema matabaka yanasaidia jamii kupata vipaji. Tumin anasema matabaka yanaificha jamii vipaji vyake. Kadiri tabaka linavyokaza, ndivyo mtoto wa chini anavyokosa shule, chakula, na hata lile wazo kwamba anaweza. Jamii inabaki kuchagua kutoka kwenye kapu dogo la watoto wa wenye nacho, kisha inasema vipaji ni adimu.

Darasani kwetu kulikuwa na mvulana aliyekuwa anakokotoa hesabu za kidato cha tatu tukiwa darasa la saba. Alifaulu. Hakwenda, kwa sababu sare, godoro na ada havikupatikana. Mara ya mwisho nilimwona anapiga debe stendi. Katika hesabu ya uhaba wa madaktari nchini, yeye hayumo. Hajawahi kupimwa.

Mwana wa Likoni

Ndugu zangu wa Bara, hamjambo. Mie niko Mombasa, nataka kutia neno kuhusu hiyo "nguvu ya kujadiliana".

Sie Kenya tuliyaona kwa macho. Madaktari wa hospitali za umma waligoma tarehe 5 Desemba 2016, wakidai yatekelezwe makubaliano yaliyotiwa saini 2013. Mgomo ule ulikwenda siku 100, hadi Machi 2017. Haukupita muda, Juni 2017 wauguzi nao wakatoka, wakakaa nje kama miezi mitano, hadi Novemba.

Tuulizane: umuhimu wa daktari ulikuwa mdogo mwaka 2013, ukapanda ghafla 2017? Umuhimu ulikuwa uleule siku zote. Kilichosogeza serikali ni chama, wanachama waliosimama pamoja, na viongozi wao waliokubali hadi kulala jela. Mimi mamangu alikuwa na sukari wakati ule, nilikuwa nikimpeleka hospitali ya binafsi kwa pesa za kukopa, kwa hivyo sisemi haya kwa raha. Nasema tu kwamba nadharia isiyotaja nguvu ya watu kujipanga haiwezi kueleza mshahara wa mtu yeyote.

Na hao vyura wa Manzese, chama chao kiko wapi?

Mleta uzi

Ndugu wa Likoni, umenikumbusha Memphis, na inafaa kwa kuwa nadharia hii ni ya Marekani na tuijaribu kwao.

Tarehe 1 Februari 1968 wazoa taka wawili wa jiji la Memphis, Echol Cole na Robert Walker, walijificha mvua nyuma ya gari la taka. Mtambo wa kushindilia ukajiwasha, ukawasaga. Tarehe 12 wenzao wapatao 1,300, karibu wote weusi, wakagoma. Mishahara yao ilikuwa midogo kiasi kwamba baadhi, na kazi wanayo, walistahili msaada wa chakula wa serikali. Mabango waliyobeba yalisema jambo moja: mimi ni mtu. Martin Luther King alikwenda Memphis kwa ajili yao, na huko ndiko alikouawa tarehe 4 Aprili. Mgomo ukaisha siku 12 baadaye kwa jiji kukitambua chama chao na kuongeza mishahara.

Kazi yao haikuwa rahisi kuvumilika, wala jiji halikuweza kukaa bila wao. Lakini mtu mweusi Memphis mwaka 1968 alikuwa amefungiwa milango mingine, kwa hiyo wa kuzoa taka hawakukosekana kamwe. Wingi wao ulitengenezwa, kama vile uhaba unavyotengenezwa upande wa pili.

Mzee wa Kigamboni

Vijana, shikamoo zenu mtanipa baadaye. Daktari ameuliza swali la haki kuhusu miaka sita ya kusoma, na swali hilo lilijibiwa nchini mwetu kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, wakati huo kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandamana hadi Ikulu wakiwa na majoho. Wanapinga kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima, miaka miwili, na sehemu kubwa ya wakati huo wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Waliona wamesoma kwa taabu na sasa wanapunjwa. Tena walimwambia Mwalimu Nyerere kwamba viongozi wenyewe wanaishi kwa mishahara minono.

Mwalimu alikasirika sana, lakini katika hasira ile alikubaliana nao jambo moja: mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno. Akapunguza wake kwa asilimia 20 palepale. Wanafunzi karibu 400 akawarudisha makwao, na wengi wao walirudi chuo mwaka uliofuata. Miezi mitatu na kitu baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likaja Azimio la Arusha.

Sasa msikilizeni Mwalimu kuhusu hiyo "sadaka ya msomi". Alikuwa na mfano wake: msomi ni kama mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta chakula kwa wenzake. Akila, akaenda, asirudi na kitu, huyo ni msaliti. Mnaona tofauti? Kwa wale Wamarekani wawili, aliyejitoa ni anayesoma, na jamii inadaiwa naye. Kwa Mwalimu, waliojitoa ni wale waliobaki na njaa kijijini, na anayedaiwa ni msomi.

Daktari mwanangu, sikulaumu. Nakuuliza tu: hiyo miaka sita ililipwa na pamba ya nani, na kahawa ya nani?

Dkt wa Wilaya

Mzee, shikamoo. Swali lako nalipokea. Ada yangu ililipwa na serikali kwa mkopo, na mkopo ule ni kodi, na kodi inatoka kwa akina mama wanaonunua sukari robo. Sina pa kukimbilia hapo. Tumin naye kumbe alisema hivyohivyo, kwamba gharama ya mafunzo inabebwa na wazazi na jamii kuliko anayesoma.

Lakini ukweli uwe wote. Mwalimu mwenyewe mwaka 1977, akitathmini miaka 10 ya Azimio, alieleza kwamba pengo kati ya mshahara wa juu na wa chini serikalini, baada ya kodi, lilikuwa 50 kwa 1 mwaka 1961 na likashuka hadi 9 kwa 1 mwaka 1976. Ni mafanikio makubwa. Na bado wataalamu waliondoka. Walimu wangu wa chuo walikuwa wanatutajia wenzao waliokwenda kusini, Botswana na kwingine, hawakurudi. Davis na Moore wangesema: mlibana malipo ndani ya nchi moja huku dunia nzima ikiwa soko. Hilo mnalijibuje?

Mleta uzi

Nalijibu kwa kukubali nusu yake. Hakuna mtu kwenye uzi huu anayesema daktari na mtapishaji walipwe sawasawa. Tumin pia hakusema hivyo. Swali lilikuwa pengo kiasi gani, na je, pengo lililopo limetokana na haja ya jamii au na nguvu ya walioko juu. Davis na Moore hawana kipimo. Kwao 9 kwa 1 ni sawa, 50 kwa 1 ni sawa, 500 kwa 1 ni sawa, maadamu limedumu. Nadharia inayoafiki kila pengo haijaeleza pengo lolote.

Na wanaoondoka hawakimbii mshahara tu, wewe unajua kuliko mimi. Wanakimbia chumba cha upasuaji kisicho na glovu na zamu isiyo na mwisho.

Semina Kesho

Samahani kaka zangu, mimi ndiye mdogo wake mleta uzi, nimejiunga leo. Nimeelewa Davis na Moore na Tumin. Mhadhiri alitaja pia Durkheim, Parsons na Merton. Wote ni wanauamilifu, je, wote walisema hayohayo?

Mleta uzi

Mdogo wangu, hapana, na hapo ndipo wengi wanapoteza alama.

Parsons anza naye kwa sababu ni mwepesi: watu hupangwa kwa kadiri wanavyotimiza yale ambayo jamii yao inayathamini kwa pamoja. Pwani utamkuta mwalimu wa madrasa asiye na baiskeli anabusiwa mkono na mfanyabiashara mwenye malori. Kwa Parsons hilo linaeleweka, heshima inafuata maadili ya pamoja. Udhaifu wake ni kudhani kwamba tumekubaliana kweli. Aliyepewa kopo alishukuru, lakini kushukuru si kukubali.

Durkheim msome mwenyewe, usitegemee muhtasari. Kitabu chake cha mgawanyo wa kazi ni cha 1893, na wote hawa wanamwita babu yao. Lakini katika sehemu ya mwisho ameweka sura kuhusu mgawanyo wa kazi wa kulazimishwa. Anasema mgawanyo wa kazi unajenga mshikamano pale tu kila mtu anapofika alipo kwa uwezo wake. Watu wakizaliwa tayari wengine matajiri na wengine maskini, mikataba yao haiwezi kuwa ya haki, kwa sababu mmoja anajadiliana akiwa na njaa. Urithi wa mali ulimkera kwa sababu hiyo. Kwa hiyo babu wa uamilifu alishawajibu wajukuu wake miaka 52 kabla hawajaandika.

Merton, mwaka 1949, aliongeza swali ambalo ningekushauri uanze nalo semina: kitu kina kazi, sawa, lakini kazi kwa nani? Jambo lilelile linaweza kumfaa mmoja na kumwangamiza mwingine, na yapo yanayoidhuru jamii nzima huku yakidumu. Mwanasosholojia Herbert Gans alilichukua swali hilo mwaka 1971 akaliuliza kuhusu umaskini: unamfaa nani? Akaorodhesha: maskini wanafanya kazi chafu kwa bei ndogo, wananunua vilivyochakaa, wanawapa ajira wanaowahudumia na wanaowalinda wengine dhidi yao. Kwa hiyo umaskini unadumu kwa kuwa kuuondoa kungewagharimu wenye nafasi.

Ukimaliza hapo, muulize mhadhiri wako kwa heshima nani anafagia ukumbi ule wa semina, na analipwa na nani.

Dkt wa Wilaya

Nilikuwa nimeamua kunyamaza, lakini kuna jambo la kazini limekuwa likinirudia tangu nisome mchango wa kwanza.

Hospitali niliyoanzia kazi, siitaji, tulikuwa na mhudumu mmoja aliyekuwa anaosha na kutakasa vifaa vya upasuaji. Mama wa makamo. Anakuja saa kumi na moja alfajiri, anawasha mtambo, anafunga seti kwenye vitambaa vya kijani, anabandika utepe unaobadilika rangi kuonyesha kwamba joto limefika. Kazi hiyo alifundishwa hapohapo. Siku moja alifiwa, akaenda msibani. Wa kumshikia nafasi akapatikana mara moja, kama nilivyosema mimi mwenyewe hapo juu: ni rahisi kumbadilisha.

Siku ya pili, saa tano usiku, akaletwa mama wa kupasuliwa. Mimi nipo, mtoa dawa ya usingizi yupo, damu ipo. Nikafungua seti ya kwanza, utepe haujabadilika rangi. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, vivyo hivyo. Yule kijana aliwasha mtambo akautoa kabla ya wakati. Tulichemsha upya, dakika zinakwenda, mimi nimesimama na mikono yangu ya miaka sita imenawa, inachuruzika maji, sina la kufanya. Mama na mtoto walipona. Nilitetemeka mpaka asubuhi.

Yule mhudumu aliporudi nilimsimulia. Aliuliza tu mtoto ni wa kike au wa kiume, kisha akaenda kuangalia mtambo. Mshahara wake sikuwahi kuujua, na katika miaka minne niliyokaa pale sikuwahi kumuuliza jina lake la pili.

Mleta uzi, yule aliyepewa kopo, bado yupo Manzese?

Mleta uzi

Daktari, nilimtafuta mwaka juzi nilipokwenda kumsalimia mama. Niliambiwa alihamia Mbagala, na kwamba sasa anafanya kazi hiyo na mwanawe.